Clements Kadalie: Mtoto wa Ziwa Nyasa aliyewaamsha makuli wa Afrika Kusini

Msiba ndio ulionifikisha Lituhi. Kutoka Songea tulikwenda hadi Kitai, pale tukaiacha barabara ya Mbinga na kuteremka kuelekea ziwani, tukipishana njiani na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Ukifika Lituhi safari ya nchi kavu imekwisha. Mbele yako ni Ziwa Nyasa, na jioni jua linapozama unaiona milima ya Malawi kama kivuli upande wa pili.

Tulipokwisha kuzika, mzee mmoja wa pale aliposikia kuwa natoka Dar es Salaam na kwamba huwa naandika magazetini, alinivuta pembeni. Alikuwa na jambo lake. Baba yake alivuka ziwa akiwa kijana akaenda kwa Wenela, yaani lile shirika lililokuwa likikusanya watu kwa ajili ya machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini. Alikwenda mara mbili. Mara ya pili alirudi Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, akiwa na sanduku la bati, cherehani na kikohozi. Cherehani ilimsaidia mama kulea watoto. Kikohozi kilimuua baba.

Mzee huyu alikuwa amesikia redioni kwamba wachimbaji wa zamani wa dhahabu walioharibika mapafu wanalipwa fidia, na kwamba hata familia za waliokwisha kufa zinalipwa. Akanitolea karatasi iliyochakaa, kipande cha baba yake, akaniomba, kwa kuwa mimi ni mtu wa mjini, nimuulizie. Nilimuulizia. Jibu nililopata nitalieleza mbele, maana ndilo lililonifanya nikumbuke habari za mtu mmoja aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa lile lile, kusini kidogo mwa Lituhi, na ambaye maisha yake yote aliyatumia kugombana na swali moja: nani ni mfanyakazi mbele ya sheria, na nani si mfanyakazi?

Mtu huyo ni Clements Kadalie.

Najua baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini gazeti letu limwandike mtu ambaye hakuwa Muislamu, tena aliyesomeshwa na wamisionari wa Kiskoti. Jawabu langu ni fupi. Kabla ya kupewa utume, Mtume wetu (SAW) alihudhuria mapatano yaliyokuja kujulikana kama Hilful Fudhul, katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an pale Makka. Chanzo chake kilikuwa mgeni kutoka Yemen aliyeuza bidhaa zake kwa mkubwa mmoja wa Kiquraish, kisha akanyimwa malipo. Mgeni yule hakuwa na ukoo pale mjini wa kumsemea. Baadhi ya koo zikakutana na kuapa kuwa mwenye kudhulumiwa Makka, awe mwenyeji au mgeni, watasimama naye mpaka apate haki yake. Watu wale walikuwa bado katika zama za ujahiliya, na bado Mtume (SAW) aliendelea kuyasifu mapatano yale hata baada ya Uislamu. Basi anayesimama na mgeni aliyedhulumiwa jasho lake ana haki ya kukumbukwa na sisi.

Kadalie alizaliwa karibu mwaka 1896 katika kijiji cha Chifira, karibu na misheni ya Bandawe, katika nchi ambayo Waingereza waliiita Nyasaland. Alikuwa Mtonga, mjukuu wa Chifu Chiweyu. Alisoma katika shule za misheni ya Livingstonia na mwaka 1912 akahitimu ualimu. Kwa kijana wa wakati ule hiyo ilikuwa daraja kubwa. Lakini mshahara wa mwalimu Mwafrika ulikuwa mdogo mno, na serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka kodi ya nyumba ambayo haikulipika kwa samaki wala kwa muhogo, ilitaka fedha taslimu. Ndiyo maana vijana wa pande zote za ziwa waliondoka. Wa upande wetu wengi walikwenda Tanga kukata mkonge, ndio hao manamba ambao wazee wetu wanawakumbuka. Wengine walivuka ziwa na kuelekea kusini, Rhodesia na Joni. Ng'ambo kule wale waliokwenda wasirudi wakaitwa machona, waliopotea.

Kadalie aliondoka mwaka 1915. Alipitia Msumbiji akaingia Rhodesia ya Kusini, akafanya kazi za ukarani migodini. Huko aliona kwa macho yake jinsi mchimbaji Mwafrika alivyotendewa. Mwaka 1918 akafika Cape Town.

Siku moja mjini humo askari polisi alimsukuma kwa nguvu kutoka njia ya waendao kwa miguu. Kosa lake lilikuwa rangi yake. Mzungu mmoja, Arthur Batty, mwanasiasa wa upande wa wafanyakazi, aliliona tukio lile na akamshauri ashitaki. Wakajuana. Batty alikuwa akigombea ubunge na Kadalie akamsaidia katika kampeni. Batty alishindwa, lakini urafiki ule ukazaa wazo la kuunda chama cha wafanyakazi. Tarehe 17 Januari 1919 watu 24 walijiandikisha, wengi wao makuli wa bandarini, machotara na Waafrika. Kadalie akawa katibu. Hicho ndicho kikaja kuwa Chama cha Wafanyakazi wa Viwanda na Biashara, kilichojulikana zaidi kwa herufi zake tatu, ICU.

Tukumbuke mwaka ule wa 1919. Vita Kuu ilikuwa imekwisha, na mataifa makubwa yaliyokutana Ufaransa kugawana ushindi yaliunda pia Shirika la Kazi Duniani, ILO, ili kuweka viwango vya haki za wafanyakazi duniani kote. Mwaka huo huo mtoto wa Ziwa Nyasa, asiyejulikana na yeyote kule Versailles, alikuwa akiandikisha makuli 24. Watu wa makoloni ya Afrika hawakualikwa kwenye meza ile. Mikataba ilitungwa, na makoloni yakawekewa kipengele chao pembeni.

Desemba 1919 makuli wa Cape Town waligoma. Zaidi ya watu 2,000 waliweka kazi chini. Sababu yao ina la kutufundisha hadi leo. Vyakula vilikuwa vikipakiwa melini kupelekwa Ulaya kwa sababu huko bei ilikuwa nzuri, na kwa sababu hiyo bei za vyakula Cape Town zilipanda. Kuli alikuwa akibeba mgongoni mwake chakula ambacho watoto wake walishindwa kukinunua. Wagomaji walitaka usafirishaji huo usimame, na walitaka nyongeza ya ujira. Mgomo ulivunjwa kwa askari na kwa kufukuzwa watu katika makazi yao, lakini mwaka uliofuata waajiri wa bandarini waliongeza ujira. Makuli wakajua kuwa wana nguvu.

Wakubwa nao wakajua. Mwishoni mwa mwaka 1920 Kadalie alipewa amri ya kuondoka nchini. Hawakuhangaika kumshitaki kwa kosa la jinai, walichukua njia iliyo nyepesi zaidi ya kumnyamazisha mfanyakazi mgeni, nayo ni kumkumbusha kuwa hapa si kwao. Watu walimpigania na amri ile ikaondolewa, lakini kivuli cha kufukuzwa hakikumwacha.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1924. Serikali ya Afrika Kusini ilitunga sheria ya usuluhishi viwandani, na kwa wasomaji wa magazeti ya Ulaya ilionekana ni sheria nzuri sana: vyama vya wafanyakazi vitambuliwe, migogoro isuluhishwe, makubaliano yaheshimiwe. Hila ilikuwa katika ufafanuzi wa maneno. Sheria ilieleza mfanyakazi ni nani, na katika kueleza huko ikamtoa nje mwanamume Mwafrika aliyebeba pasi. Yeye anachimba dhahabu, anapakia meli, anafagia barabara, anavuna mahindi, lakini kisheria hakuwa mfanyakazi. Hakuhitaji kunyang'anywa haki moja moja. Alitolewa kwenye maana ya neno, na haki zote zikatoka pamoja naye.

Katika uchaguzi wa mwaka huo huo Kadalie alifanya kosa lililomuuma baadaye. Alikiunga mkono chama cha Hertzog, akitumaini kuwa adui wa serikali iliyokuwapo angekuwa rafiki wa Mwafrika. Hertzog alishinda, na mwaka 1927 serikali yake ikatunga sheria iliyofanya kuwa ni jinai kuchochea uhasama baina ya Waafrika na Wazungu. Maneno ya kawaida ya kiongozi wa chama cha wafanyakazi yakawa yanatosha kumpeleka mtu jela. Wangapi katika historia yetu wenyewe wamefanya hesabu kama ile ya Kadalie, kudhani kuwa anayempinga aliyekudhulumu lazima atakutendea haki?

Hata hivyo ICU ilikua. Ilikuwa na gazeti lake. Ilihamishia makao makuu yake Johannesburg. Ikatoka bandarini na mijini, ikaingia mashambani, kwa watu waliokuwa hawajawahi kusikia habari za chama chochote. Kufikia mwaka 1927 ilijihesabia wanachama wapatao 100,000. Hapajawahi kabla ya hapo kuwa na umoja wa Waafrika wa ukubwa ule katika nchi ile. Wafanyakazi wa mashambani waliuza kuku ili walipe ada, wakiamini kuwa kadi ile nyekundu itawarudishia ardhi na kuwapa ujira wa kutosha. Wengi walifukuzwa mashambani, wao na mifugo yao, kwa sababu tu walijiunga.

Mwaka 1927 Kadalie alikwenda Geneva kwenye mkutano wa ILO. Hakuwa mjumbe rasmi, kwani serikali ya nchi yake isingemteua. Akazunguka nchi kadhaa za Ulaya akieleza hali ya wafanyakazi Waafrika. Mwalimu wa misheni aliyevuka mito kwa miguu miaka 12 nyuma alikuwa sasa akizungumza na vyama vikubwa vya wafanyakazi vya Uingereza.

Aliporudi nyumba ilikuwa inaungua, na hapa, ndugu msomaji, lazima tuseme kweli hata kama ni chungu. Ni kweli serikali na wenye mashamba waliipiga ICU vita. Ni kweli pia kulikuwa na mgawanyiko wa siasa, kwani Desemba 1926 wakomunisti walitolewa kwenye uongozi. Lakini jeraha kubwa lilitoka ndani. Ada za maskini zilikusanywa nchi nzima, na hesabu zake hazikuwekwa sawa. Viongozi walisafiri, walikodi ofisi, walilipana, na mwanachama wa shambani aliyefukuzwa alipokuja kuomba msaada hakukuta kitu. Champion, kiongozi wa Natal, alituhumiwa mambo ya fedha na kusimamishwa, naye mwaka 1928 akajitenga pamoja na tawi lake, lililokuwa tajiri kuliko mengine. Mshauri kutoka Uskoti, William Ballinger, aliletwa mwaka huo kunyoosha mahesabu, wakagombana. Mwaka 1929 Kadalie alijiuzulu chama alichokiunda mwenyewe, akaanzisha kingine kidogo. Januari 1930 aliongoza mgomo mkubwa katika mji wa East London, akakamatwa pamoja na wenzake. Baada ya hapo sauti yake ilipungua. Aliendelea kuishi East London hadi alipofariki tarehe 28 Novemba 1951. Hakurudi kuishi ziwani. Kwa lugha ya kwao, naye akawa machona.

Wapo wanaosema ICU ilishindwa. Mimi siwafuati moja kwa moja. Mbegu ya makuli wa Cape Town iliota katika bandari nyingine. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ule ukafuata njia ya reli hadi bara. Mwaka 1948 chama chao kilimpata Abdulwahid Sykes kuwa katibu, kijana Muislamu wa Gerezani aliyetoka vitani Burma. Chama kile nacho kilifutwa mwaka 1950 baada ya vurugu za mgomo mwingine, lakini watu wale wale walikuja kuwa nguzo za TANU mwaka 1954. Makuli waliobeba mizigo ya dunia nzima walikuwa wa kwanza kuelewa kuwa bei ya ujira wao inapangwa mbali.

Sasa turudi kwenye swali la Kadalie, maana halijafa. Leo mabinti zetu kutoka Tanga, Zanzibar, Singida na Dar es Salaam yenyewe wanapanda ndege kwenda Ghuba kufanya kazi za ndani. Katika nchi kadhaa za huko sheria kuu ya kazi kwa miaka mingi haikumhesabu mtumishi wa nyumbani. Amewekwa chini ya kafili wake. Kinachouma zaidi ni jina lenyewe. Katika fiqhi yetu kafala ni mtu kubeba dhamana ya mwenzake, kusimama mahali pake anapoelemewa. Neno la huruma limegeuzwa kuwa kamba: kafili anashika pasipoti, na binti akikimbia mateso anaitwa mtoro. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, na mengi yaliyomo Kadalie angeyatambua bila kufasiriwa: kunyimwa mshahara, kufanyishwa kazi bila mapumziko, kuogopeshwa kwa kurudishwa kwao.

Lakini tusimalizie lawama kwa Waarabu tukalala. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhesabu mfanyakazi wa nyumbani, na amri za kima cha chini cha mshahara zinamtaja. Je, sisi tunaosoma gazeti hili baada ya swala ya Ijumaa, mabinti wa kazi waliomo majumbani mwetu tumeandikiana nao mkataba? Wanajua siku yao ya mapumziko? Wakiugua tunawatibu, au tunawapa nauli warudi kwao Lushoto au Iringa? Qur'an imetueleza katika Surat al-Qasas jinsi Nabii Musa (AS), mgeni na mkimbizi asiye na kitu, alivyopatana na mzee wa Madyan: muda wa kazi ulitajwa, malipo yalitajwa, na mwenye mali aliahidi kutomtia mashakani. Ule ulikuwa mkataba. Kama mkataba ulimfaa Mtume wa Allah (SW), vipi binti wa Kisambaa asiustahili?

Na wenye maduka, shule na kampuni za mabasi: michango ya NSSF unayoikata kwenye mshahara wa kijana wako inafika kwenye Mfuko? Ile ni amana. Umeikata kwa jina lake, si fedha ya kuzungushia biashara mpaka afike uzeeni akute daftari tupu. Mimi mwenyewe, katika kazi yangu ya kwanza, nilikatwa miaka mitatu, na nilipokwenda kuulizia nikakuta mwajiri amepeleka miezi saba. Wengi mnaosoma hapa mna hadithi kama hiyo. Na wanaoongoza vyama vya wafanyakazi, saccos na vikundi vya kufa na kuzikana wasome mara mbili habari za hesabu za ICU. Wakoloni walishindwa kuivunja kwa miaka minane. Fedha isiyo na hesabu ikaimaliza kwa miwili.

Nilisema nitaeleza jibu la mzee wa Lituhi. Ni kweli kuna fidia. Wachimbaji wa zamani walifungua kesi Afrika Kusini, na mwaka 2019 mahakama ikaidhinisha makubaliano ambayo kampuni sita za dhahabu zilikubali kulipa wagonjwa wa mapafu na familia za marehemu. Ukaundwa Mfuko wa Tshiamiso, na wanaostahili wamo pia wa nchi jirani, Malawi, Msumbiji, Lesotho na kwingineko. Ni ushindi mkubwa na hatuudharau. Lakini una mpaka: unamhusu aliyefanya kazi katika migodi ile kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Tanganyika baada ya uhuru iliwafungia mlango Wenela, kwa sababu haikutaka watu wake wawatumikie makaburu. Uamuzi ulikuwa wa heshima. Matokeo yake ni kwamba wazee wetu wa mwambao ule, karibu wote, walikwenda na kurudi kabla ya tarehe hiyo. Kwa mara nyingine wametolewa nje ya maana ya neno.

Nilimpigia simu mzee nikamweleza. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama vumbi la kabla ya 1965 lilikuwa vumbi tofauti. Sikuwa na la kumjibu. Akanishukuru, akasema ile karatasi ataendelea kuihifadhi, na kwamba mjukuu wake anataka kwenda kufanya kazi Oman, hivyo nimweleze aulize nini kabla hajaweka sahihi.

Nilimwambia aulize kazi ni ipi na kwa nani, mshahara ni kiasi gani na utalipwa wapi, mapumziko ni lini, matibabu ni ya nani, na pasipoti itakaa kwa nani. Nikamwambia apite kwa wakala aliyesajiliwa na Serikali, na nakala ya mkataba ibaki Lituhi, ndani ya lile lile sanduku la bati.

Tumuombe Allah (SW) atujaalie tuwe katika wanaolipa haki za watu wakingali hai kuzipokea. Amin.